Jinsi ya kupata mada za baraza kutoka kwa watu wenyewe bila kuambiwa "chochote tu"

Kama umewahi kuendesha baraza la mtaa, au grupu ya akiba, au hata ile duara ya malwa (pombe ya ulezi) yenye mwenyekiti na katibu na faini ya kuchelewa, unaijua ile dakika. Kikao kimeisha, watu wanakusanya viti, wewe unasema "haya ndugu zangu, wiki ijayo tuongelee nini?" alafu kimya. Mmoja anakohoa. Mwingine anasema "chochote tu katibu, wewe ndio unajua." Na mzee mmoja kule nyuma, kila wiki huyo huyo, anasema "siasa."

Mimi ni katibu wa baraza letu la Jumapili hapa Busia upande wa Uganda, tunakaa saa kumi jioni chini ya mwembe nyuma ya fundi baiskeli, na karibu mwaka mzima mada nilikuwa natunga mwenyewe usiku wa Jumamosi nikiwa nimechoka. Watu walianza kumi na tano, wakawa kumi, wakawa saba ukinihesabu mimi na mtoto wangu. Nikasema labda watu wa hapa hawapendi kuongea, uongo mtupu, kaa stejini kwa watu wa boda nusu saa uone kama hawapendi kuongea. Shida ilikuwa namna ya kuuliza, na zaidi ya hapo shida ilikuwa kwamba mtu akisema kitu hakijulikani kimeishia wapi. Tulipobadilisha hayo mawili tukafika hadi arobaini na viti vikatushinda. Basi naandika vile tunafanya, chukua unachoweza, kingine acha.

1. Usiombe mada, omba kilichowaudhi

Neno mada lenyewe linatisha watu. Mtu akisikia "pendekeza mada" anaona mwalimu na ubao na mwenzake aliyesoma zaidi yake, anaona bora anyamaze. Mimi siku hizi silitumii kabisa nikiwa nakusanya. Nauliza maswali matatu tu, na siulizi yote kwa mtu mmoja, nachagua moja:

Wiki hii kitu gani kilikukasirisha mpaka ukamsimulia mtu?
Nani amekuuliza swali ukakosa jibu?
Umelipia kitu gani bila kuelewa unalipia nini?

Hilo la tatu kwa mji wa mpakani ni dhahabu banange, yaani likitoka tu mdomoni watu wanavuta kiti. Mama mmoja muuza nyanya nilimuuliza hivo, akaanza "pale geti wananisumbua." Hapo bado ni lawama, haijawa mada, na watu wengi wanaokusanya maoni wanakosea hapa, wanaandika "wafanyabiashara wanasumbuliwa" wanaondoka. Muulize tena: wanakusumbua vipi, lini, ulikuwa umebeba nini? Kumbe mama hajawahi hata kufika dirishani kuuliza, anapita njia ya panya kwa sababu rafiki yake alimwambia geti ni ya malori. Huko panya ndiko anasumbuliwa na ndiko analipa vijisenti kwa kila anayejitokeza. Basi mada ikawa: "Mzigo mdogo unapita geti vipi?" Tukamtafuta mtu anayeelewa mambo ya forodha, akaeleza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi thamani ya dola 2000, uwe umezalishwa ndani ya nchi za jumuiya na uwe kwenye orodha waliyokubaliana, unajaziwa cheti rahisi hapo hapo mpakani na hulipi ushuru wa forodha, ingawa malipo mengine madogo yanaweza kuwepo. Nusu ya wamama waliokuwepo walikuwa hawajawahi kusikia, na hiki kituo cha pamoja cha mpakani kimezinduliwa tangu 2018, wanakipita kila siku! Mada hiyo mimi nisingeitunga hata ningekesha wiki nzima.

2. Wafuate waliko, na uwafuate saa yao

Baraza likiisha watu wanawaza chakula na mvua. Usikusanye hapo. Mimi natembea siku mbili katikati ya wiki, Jumatano na Ijumaa, na nimejifunza kwa kufukuzwa kwamba saa ni muhimu kuliko maneno. Mtu wa boda usimguse asubuhi, anawinda abiria, atakujibu huku anaangalia barabara. Saa saba mchana jua likiwaka wako kivulini wanakula roleksi (chapati na mayai), hapo ndio wanaongea mpaka unaomba waongee mmoja mmoja. (Na ukikosa pa kuanzia nao, waulize historia ya jina lao, wanaipenda sana hiyo, maana neno boda boda lilizaliwa hapa hapa Busia na baiskeli zilizokuwa zinapeleka watu kutoka mpaka huu hadi ule, miaka ya 1960 hivi, sasa dunia nzima inasema boda na Busia hatulipwi chochote.)

Wamama wa mukene (dagaa) usiwaendee samaki wakiwa wanafika kutoka Majanji, subiri wamalize kuuza, wanahesabu pesa wanapumzisha miguu. Wale ndugu zetu walemavu wanaovusha mizigo na baiskeli za magurudumu matatu, hao wanajua mpaka kuliko mtu yeyote, wamepita pale mara ngapi kwa siku, lakini nimeona hakuna anayewauliza kitu isipokuwa bei. Waulize. Saluni pia, pampu ya maji pia, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa pia, na kwa wale wa kanisani usisubiri Jumapili kwa sababu Jumapili kila mtu amevaa vizuri na hataki kuonekana analalamika.

Kwenye malwa kuna utaratibu wake. Usisimame. Mtu anayesimama pale ni askari au anadai deni. Salimia, subiri uonyeshwe pa kukaa, kama hunywi sema mapema na ununulie soda yako, alafu nyamaza robo saa nzima. Wale wazee wenye mirija wanaongelea kila kitu wenyewe tu, wewe kazi yako ni kusikia na kabla ya kuondoka uombe ruhusa: "mzee, hili ulilosema la mipaka ya shamba, naweza kulipeleka barazani?" Usipoomba ruhusa siku ya pili hukaribishwi, na watakuwa sahihi.

3. Pokea kwa lugha yoyote

Baraza letu ni la Kiswahili kwa sababu tuko mchanganyiko, Wasamia, Wateso, Waganda, Wakenya waliooa huku, Wakongo, askari wastaafu, na Kiswahili ndio inatuunganisha. Lakini tusidanganyane. Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, katiba ikafanyiwa marekebisho 2005 ikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaipitisha tena, na bado kuna mama wa miaka sitini ukimwongelesha Kiswahili cha haraka anakumbuka askari waliokuwa wakiiongea kwenye kizuizi na mkoba wake ukimwagwa chini. Mwingine anaielewa yote ila anaona aibu kuongea kwa sababu vijana watacheka ngeli zake, kama vile hao vijana ngeli zao ziko sawa.

Kwa hiyo mada napokea kwa Kisamia, Kiteso, Kiganda, chochote. Naandika kwanza vile alivyosema yeye, chini yake naandika Kiswahili, alafu namsomea. Usiruke hapo pa kumsomea! Mara moja niliandika "maji hayatoshi" wakati mzee alisema maji yapo ila pampu inafungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo anasafiri. Hizo ni mada mbili tofauti kabisa, moja unamwita mtu wa maji wa wilaya, nyingine unamwita mwenye ufunguo.

4. Weka kopo kwa wale wasiotaka kuonekana

Kuna mambo mtu hawezi kusema stejini. Tuna kopo la rangi tulilotoboa mfuniko, linakaa kwenye duka la kuchaji simu kwa sababu pale kila mtu ana sababu ya kufika na hakuna anayeshangaa umesimama. Kalamu imefungwa kwa kamba (ya kwanza na ya pili ziliibiwa) na vikaratasi tunakata kutoka madaftari ya shule yaliyoisha. Kata vyote saizi moja, vinginevyo mtu anajulikana kwa karatasi yake.

Kwa asiyeandika, anaweza kunitumia sauti kwenye WhatsApp, kwangu mimi peke yangu na sio kwenye grupu. Naisikiliza siku hiyo hiyo, naandika, naifuta, na namwambia nimefuta.

Sheria ya kopo ni moja na imeandikwa juu yake kwa kalamu ya maka: karatasi inayotaja mtu kwa jina haisomwi. Tuliiweka baada ya kufungua kopo mbele ya watu na kukuta mtu ametajwa kuwa mwizi wa kuku. Hakuwa mwizi, au labda alikuwa, ila haikuwa kazi yetu, na Jumapili ile tuliimaliza kwa kutenganisha watu. Siku hizi nafungua kopo tukiwa wawili, mimi na mama mweka hazina, ndani, Jumamosi. Ya majina tunaichoma. Kama ndani yake kuna jambo la kweli, kama wizi wa kuku umezidi, tunalitoa bila jina linakuwa swali la ulinzi wa usiku. Na kama ni jambo zito, mtoto anaumizwa kwa mfano, hilo halisubiri baraza, hilo tunalipeleka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la serikali la kijiji) na polisi siku hiyo hiyo.

5. Geuza kila neno kubwa liwe swali dogo

Hapa ndio pana kazi kweli na ukifanya haraka utaharibu. Watu watakuletea maneno makubwa: ndoa, maji, vijana, PDM (ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi). Ukiweka "PDM" kama mada, kila mtu atakuja na hasira yake, saa mbili zitaisha na hamjajua kitu. Rudi kwa aliyeleta umuulize anataka kujua nini hasa. Yule kijana wetu aliyeandika PDM kumbe alishapata ile milioni 1, ameilimia mpunga, mvua ikachelewa, na sasa anaota riba ya asilimia 6 usiku. Swali lake likawa "Mkopo wa PDM ukiingia shambani na shamba likafeli, unafanya nini kwanza?" Sasa hapo unajua wa kumwita ni nani, ni chifu wa parishi na mtu wa sacco ya parishi, na unajua baraza limefaulu au halikufaulu.

"Vijana" ikawa "Mtoto aliyeacha shule akaenda kwenye machimbo ya dhahabu Tiira, anarudishwa vipi bila kupigwa?" "Ndoa" tuliigawa mara nne na bado haijaisha, kuna ya mahari, kuna ya mwanaume anayefanya kazi upande wa Kenya na kurudi mara moja kwa mwezi, kuna ya ardhi ya mjane, na ya nne wamama wamesema wataijadili wenyewe bila sisi, sijauliza zaidi.

Kipimo changu ni hiki, je swali linagusa zaidi ya nyumba moja, je kuna mtu wa kulijibu tunayeweza kumleta kwa nauli ya boda, na je linaweza kukaa ndani ya saa moja na nusu. Likikosa mojawapo nalirudisha kwenye daftari, silitupi.

Sasa yule mzee wa "siasa." Tulimkwepa miezi mingi mpaka ikawa dharau. Tunao ukumbusho mzuri hapa Uganda wa vile watu wanapenda kujadili, zile ebimeeza, na sisi wa Kiswahili tunaisikia meza ndani ya hilo neno bila kufundishwa. Radio One ilianza yake 2000 pale Club Obbligato Kampala, watu wanakaa mezani wanajadili na redio inarusha moja kwa moja, nchi nzima ikasikiliza, redio zingine zikaiga. Septemba 2009, baada ya vurugu za wakati ule Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga, serikali ikayapiga marufuku yale matangazo. Sisi haturushi popote, ila nilichukua funzo mbili: mwenyekiti wa LC1 anajua mada zetu kabla ya Jumapili, namwonyesha orodha kama taarifa tu na mara nyingi anakuja mwenyewe na kiti chake, na ya pili siasa tunaiingiza kupitia huduma na sio kupitia majina ya vyama. Tulimuuliza mzee siasa gani. Akasema barabara ya kwenda kwao imepigwa greda kwenye karatasi tu. Ah! Sasa si ungesema? Ikawa "Bajeti ya barabara ya parishi inasomwa wapi na nani anaruhusiwa kuiona?" na ilijaza watu kuliko ya nyanya.

6. Pigeni kura kwa maharage

Maswali yakifika sita au nane, watu wachague. Usitumie mikono na hasa usitumie mstari. Tulipochagua LC1 Julai 2018, mara ya kwanza tangu 2001, ilikuwa ni kusimama nyuma ya mgombea, na kila mtu aliona nani amesimama wapi, watu wengine mpaka leo hawasalimiani. Kwa mada ni vile vile, mwenye duka akinyanyua mkono wanaodaiwa naye wananyanyua.

Weka makopo kwenye mstari, kila moja na mchoro wake kwa wasiosoma, nyanya, pampu, kitabu cha shule, na ufunike kwa leso ili mkono uingie bila kuonekana umedondosha wapi. Kila mtu apewe punje tatu za maharage, anaweza kuziweka zote sehemu moja au kugawa. Hesabuni mbele ya watu wote. Sisi tulianza na nambale nyekundu mpaka siku moja watu ishirini na sita wakatoa punje mia na kumi, kuna bwana alikuja na zake mfukoni kutoka nyumbani kwa ajili ya mada yake ya bei ya mbolea. Tulicheka sana ila tukaacha maharage. Sasa tunatumia vizibo vya soda vyenye alama ya maka ndani, na bado tunaita "maharage."

Zinazoshinda tatu au nne zinapangwa kwa kufuata miezi. Mambo ya ada na sare yapangwe kabla shule hazijafunguliwa, mwezi wa pili, wa tano na wa tisa, sio baada. Malaria na mitaro kabla mvua za mwezi wa tatu. Bajeti mwezi wa sita inaposomwa. Disemba usipange kitu kigumu, watu wanawaza nyama.

7. Rudi kwa aliyeleta

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu katika hizi zote, fanya hii. Kila mtu aliyetoa swali, kabla ya Jumapili inayofuata, aambiwe limefika wapi. Limechaguliwa, limesubirishwa hadi mwezi fulani, limeunganishwa na la fulani, au limekataliwa na sababu ni hii. Mdomo kwa mdomo, dakika moja, pale pale alipokuambia. Wengi wao swali likikataliwa hawakasiriki, wanachokasirikia ni kukaa kwenye benchi wiki tatu wakisubiri litajwe na halitajwi, na mtu wa hivyo hakuambii, anaacha tu kuja na anaondoka na majirani wawili.

Na likichaguliwa, mwenye swali ndiye anafungua baraza kama anataka. Sio hotuba, asimulie tu kilichompata, kwa lugha yake, kuna wa kutafsiri. Mama wa nyanya aliongea dakika nne akitetemeka na leso imeshikwa kwa mikono miwili, alafu mtu wa forodha aliposema kitu kisichokuwa sawa yeye ndiye alimkatiza. Wiki iliyofuata kopo lilikuwa na vikaratasi kumi na tisa, kabla ya hapo rekodi ilikuwa vitano.

Wa kopo hatumjui, kwa hiyo majibu yao nayabandika kwenye ukuta wa duka la kuchaji, kila Jumatatu, kwa herufi kubwa.

Jumapili hii ni ufunguo wa pampu, na mwenye ufunguo amekubali kuja. Kama uko Busia na una lako, kopo liko pale pale, kalamu ni mpya, kamba nimeongeza fundo. Njoo na kiti, vyetu vimeazimwa na harusi mpaka Jumatatu.